Thina, asetoni, tapentaini nyumbani: kinachowaka ni mvuke, na mvuke unatembea

#1 – fundi_msasa (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari zenu. Uzi ni mrefu, naomba mnivumilie.

Kazi yangu ni kurudishia samani: kubandua rangi ya zamani, kupiga msasa, kupaka vanishi. Thina nimeishika karibu kila siku kwa miaka mingi. Nilipokuwa bado najifunza kazi, tulipewa chumba cha kubandua gundi ya zulia sakafuni. Njia yetu ilikuwa kumwaga thina, kusubiri gundi ilainike, kisha kukwangua. Dirisha tulilifunga ili vumbi la nje lisiingie. Upande wa pili wa korido kulikuwa na jiko dogo la gesi, la kuweka chini, limeachwa na moto mdogo chini ya sufuria. Kutoka nilipopiga magoti hadi pale jikoni ni hatua nane au tisa, na katikati kuna mlango.

Hakuna aliyewasha kibiriti wala kuvuta sigara. Niliona mwali wa buluu unaingia mlangoni umelala sakafuni kama maji yanayofurika, unanijia. Sikuwahi hata kusimama. Niliungua miguu yote miwili kuanzia magoti kushuka chini, na alama zipo mpaka leo. Mwenzangu alipona kwa sababu alikuwa juu ya ngazi.

Ilinichukua muda kuelewa kilichotokea, na hicho ndicho kilichonifanya niandike. Wengi tunaogopa kile kilichomo ndani ya kopo. Kopo halikuwa na shida siku ile, lilikuwa limefungwa na liko pembeni. Kilichowaka ni mvuke. Maji ya thina yenyewe hayawaki. Yanatoa mvuke, mvuke unachanganyika na hewa, na mchanganyiko huo ndio unaoshika moto. Mvuke huo ni mzito kuliko hewa. Wa asetoni ni mzito mara 2, wa toluini, ambayo imo kwenye thina nyingi, ni mara 3 hivi, wa tapentaini unazidi mara 4. Kwa hiyo haupandi darini ukapotea. Unashuka, unatambaa, unapita chini ya mlango, unateremka ngazi, unatafuta shimo. Ukikuta moto huko ulikofika, moto unarudi kwa njia ile ile mpaka ulipotoka.

Sasa tazameni haya majina tunayoyaweka kapu moja. Kila kimiminika kina kiwango cha joto ambacho kuanzia hapo kinatoa mvuke wa kutosha kuwaka ukikutana na cheche:

Asetoni: karibu nyuzi 20 chini ya sifuri.
Toluini: nyuzi 4.
Spiriti (ethanoli safi): nyuzi 13.
Tapentaini: kama nyuzi 35.
Mafuta ya taa: nyuzi 38 na kuendelea.

Maana yake ni kwamba asetoni iko tayari kuwaka hata ndani ya friji. Hakuna chumba cha binadamu chenye baridi ya kuizuia. Tapentaini na mafuta ya taa zinaonekana pole zaidi, lakini ukizilowesha kwenye tambara, au ukizipuliza kwa bomba la rangi zikawa matone madogo, upole huo unaisha. Tambara linafanya kazi ya utambi, na matone ya ukungu yanawaka hata kimiminika chenyewe kikiwa baridi.

Naomba wenye uzoefu mchangie, na mnisahihishe nikikosea. Nitaendelea kujibu.

#2 – dada_wa_kucha

Pole sana kaka. Mimi natumia asetoni kuondoa rangi ya kucha, yangu na za wateja. Ni chupa ndogo tu. Kwa kiasi hicho kweli kuna hatari ya kulipuka?

#3 – fundi_msasa

Dada, nimekaa na kikokotoo kwa ajili yako.

Glasi moja ya asetoni, yaani mililita 250, ikikauka yote inageuka kuwa lita 83 hivi za mvuke mtupu. Mvuke wa asetoni unaanza kuweza kuwaka ukifika asilimia 2.5 ya hewa. Gawanya, unapata zaidi ya meta 3 za ujazo za hewa inayoweza kushika moto. Hicho ni chumba cha kuogea chenye upana wa meta 1.2, urefu wa meta 1.4 na kimo cha meta 2, kimejaa hadi juu.

Ila mvuke hausambai sawasawa hivyo. Unakaa chini kwanza. Kwa hiyo hata nusu glasi ikimwagika, usawa wa vifundo vya miguu unaweza kuwa umeshafika kiwango cha kuwaka wakati puani kwako unaona harufu ni ya kawaida.

Kwa pamba moja ya kucha kwenye chumba chenye dirisha wazi, hatari ya mlipuko ni ndogo sana. Hatari yako ni nyingine: pamba iliyolowa mkononi karibu na mshumaa, au mteja anawasha sigara wakati vidole bado vimelowa. Na chupa kuangushwa ikiwa wazi. Chupa ifungwe kila ukishalowesha pamba, kila mara, hata kama utaifungua tena baada ya dakika moja. Pamba zilizotumika zitie kwenye kopo la bati lenye mfuniko, zisikae wazi kwenye ndoo ya taka miguuni pako.

#4 – brashi_pana

Mkuu sikatai, lakini nimepaka rangi miaka 20, nachanganya thina huku sigara iko mdomoni, na sijawahi kuungua. Nadhani mnatisha watu. Fundi mzuri anajua kwa pua: harufu ikizidi anatoka nje.

#5 – mkemia_mkimya

Mkuu wa #4, nafundisha kemia, naomba nikujibu kwa heshima kwa sababu hoja yako naisikia kila mwaka.

Mvuke una mipaka miwili. Ukiwa mchache mno hauwaki, ukiwa mwingi mno pia hauwaki kwa kukosa oksijeni. Wa toluini unawaka kati ya asilimia 1.2 na 7 hivi. Wa asetoni kati ya 2.5 na karibu 13. Miaka yako 20 ina maana kwamba kila ulipokuwa na moto mdomoni, hewa ya pale mdomoni ilikuwa nje ya mipaka hiyo. Pengine umezoea kufanya kazi nje, au madirisha yalikuwa wazi, au ulisimama na mvuke ukabaki chini. Siku utakapoinama kuokota kibiriti kilichoanguka ukakiwasha kule kule chini, hesabu itakuwa nyingine.

Kuhusu pua: usiitegemee, kwa sababu mbili. Ya kwanza, inazoea. Ukikaa na thina nusu saa huisikii tena, wakati anayeingia kutoka nje anashtuka mlangoni. Ya pili, pua iko meta moja na nusu juu ya mahali mvuke ulipo.

Na cheche haihitaji kuwa sigara. Swichi ya taa inatoa cheche ndogo ndani yake ukiibonyeza. Friji inatoa inapojiwasha yenyewe. Drili na grenda za umeme zina brashi ndani zinazotoa cheche muda wote zikizunguka; chungulia kwenye matundu yake gizani utaziona. Kuchomoa chaja kwenye soketi pia. Hata umeme tuli: ile cheche inayokuchoma kidoleni ukigusa kitasa ina nguvu mara kadhaa ya ile inayohitajika kuwasha mvuke wa toluini. Ndiyo maana mtu akiingia chumba chenye harufu kali ya thina, asiwashe taa ili aone, na asizime iliyokwisha kuwaka. Aache kila kitu cha umeme kama kilivyo, afungue milango na madirisha, atoke.

#6 – brashi_pana

Nimekuelewa mwalimu. Hilo la kutozima taa sikulijua kabisa.

#7 – mama_wa_mapacha

Jamani mimi nina swali la haraka, nimesoma huku roho inanidunda. Mume wangu huweka tapentaini kwenye chupa ya maji ya kunywa, chini ya sinki. Watoto wana miaka mitatu. Wakinywa kidogo tu inakuwaje? Niliwahi kusikia unampa maziwa halafu unamtapisha.

#8 – muuguzi_wa_zamu

Mama wa mapacha, tafadhali itoe hapo sasa hivi kisha urudi usome.

USIMTAPISHE. Naandika kwa herufi kubwa kwa sababu kosa hili nimelipokea wodini zaidi ya mara moja, na kila mara lilifanywa na mzazi aliyekuwa anajaribu kumwokoa mwanawe.

Tapentaini, mafuta ya taa, thina, zote ni nyepesi na telezi kuliko maji. Tumboni madhara yake mara nyingi si makubwa kama watu wanavyodhani. Madhara makubwa yako mapafuni. Mtoto akikohoa anapomeza, au akitapika, tone dogo linateleza kwenye njia ya hewa na kusambaa haraka ndani ya mapafu. Kule linaharibu ule utando laini unaozuia vifuko vya hewa visigandamane. Mapafu yanavimba, yanajaa maji. Ni nimonia, ila imeletwa na kemikali. Kumtapisha ni kuipitisha sumu hiyo kooni mara ya pili. Maziwa nayo yanajaza tumbo na kuleta kutapika.

Cha kufanya: mtoe kwenye mvuke, mvue nguo zilizolowa, mwoshe ngozi kwa maji na sabuni, mkalishe wima, kisha hospitali haraka pamoja na kopo lenyewe au lebo yake, ili daktari ajue ni kitu gani. Ukiwa na namba ya kituo cha sumu au ya dharura, piga ukiwa njiani. Usibaki nyumbani kwa sababu anaonekana mzima. Kikohozi, kupumua kwa kasi, mbavu kuingia ndani akivuta pumzi, kusinzia kusiko kwa kawaida, vyote vinaweza kuchelewa saa kadhaa.

Spiriti ya kuchomea ni kesi nyingine. Nyingi zina methanoli, na methanoli inapofusha na kuua hata kwa kiasi kidogo. Huyo naye ni hospitali moja kwa moja, hata kama anacheka na kucheza.

Na la chupa ya maji: kemikali ibaki kwenye chombo chake cha awali. Wanaokunywa kwa bahati mbaya si watoto pekee. Mtu mzima ameamka usiku ana kiu, taa haijawashwa, anashika chupa ya maji na kumeza.

#9 – mama_wa_mapacha

Nimeitoa. Iko nje kwenye stoo yenye kufuli. Asante sana dada, Mungu akubariki. Baba yao akirudi atausoma uzi huu mwanzo mpaka mwisho.

#10 – fundi_kuchomelea

Nami nina la kuongeza, kuhusu makopo na mapipa MATUPU. Watu hutuletea pipa la lita 200 lililokuwa na thina, wanataka likatwe katikati liwe chombo cha maji au jiko. Wanasema halina kitu. Jirani yangu wa kazi alikubali. Mfuniko wa pipa ulimpiga kifuani. Hakufika hospitali.

Tangu siku ile pipa la namna hiyo silikati, hata nilipwe nini. Ila nataka mwalimu wa #5 anieleze kwa namba ili niwaonyeshe wateja, maana wanadhani naringa.

#11 – mkemia_mkimya

Pole sana kwa msiba huo, mkuu.

Tuchukue toluini. Pipa la lita 200 linahitaji asilimia 1.2 tu ya mvuke ili hewa yote ndani yake iweze kulipuka. Hiyo ni lita 2.4 za mvuke. Na lita 2.4 za mvuke zinatokana na mililita 10 hivi za kimiminika: vijiko viwili vya chai. Pipa ukiligeuza na kulitikisa, kwenye mshono wa chini hubaki zaidi ya hapo. Debe la lita 20 linahitaji mililita moja, yaani matone kama 20.

Pipa lililojaa hadi mdomoni lina hewa kidogo sana ndani. "Tupu" lina hewa tele na mvuke wa kutosha, vyote vimefungiwa ndani ya chuma. Ndiyo sababu chombo tupu kinaweza kulipuka vibaya kuliko kilichojaa. Waambie wateja wako: vijiko viwili vya chai. Na kusuuza kwa maji mara moja hakutoshi, kwa sababu toluini haichanganyiki na maji, na mabaki ya rangi yaliyoganda ukutani yanaendelea kutoa mvuke yakipata joto la kukata. Usafishaji wa mapipa haya una watu wake na vipimo vyake.

#12 – seremala_mzee

Vijana, mmezungumza vizuri. Mzee wenu naleta moto usiohitaji cheche kabisa.

Sisi wa mbao tunapaka mafuta ya kitani, mara nyingi tumeyapunguza kwa tapentaini. Mafuta haya hayakauki kwa kuruka hewani kama thina. Yanakauka kwa kula oksijeni, na yakila oksijeni yanatoa joto. Ukiyapaka juu ya mbao joto linatoka na hulioni. Lakini ukilikunja tambara lililolowa ukalitupa kwenye lundo na wenzake, joto linabaki katikati, linaharakisha kazi yenyewe, joto linazidi, na baada ya saa kadhaa lundo linafuka moshi na kuwaka lenyewe. Karakana imefungwa, mafundi wamelala.

Kuna jengo la ghorofa 38 kule Philadelphia, Marekani, likiitwa One Meridian Plaza. Tarehe 23 Februari 1991 lilishika moto kuanzia ghorofa ya 22, na chanzo kilikuwa matambara ya mafuta ya kitani yaliyoachwa na mafundi waliokuwa wanarudishia mbao za ukutani. Askari wa zimamoto 3 walifia humo. Jengo halikutumika tena, baadaye likabomolewa.

Mimi matambara yangu nayatandaza moja moja nje, juu ya zege au kwenye kamba, mbali na ukuta wa mbao, mpaka yawe makavu na magumu kama ngozi. Kama sina nafasi, nayazamisha kwenye kopo la bati lenye maji na kulifunika. Kuyakunja kamwe, hata liwe moja. Tambara la thina tupu au asetoni halijichomi hivyo, lakini nalo linatoa mvuke, kwa hiyo litandaze nje vilevile.

#13 – dada_wa_kucha

Shikamoo mzee. Hili la tambara kujiwasha nimelisoma mara mbili.

Swali lingine kwa fundi: moto ukishawaka, nazima na nini? Maji?

#14 – fundi_msasa

Kwa thina, tapentaini na mafuta ya taa, usimwagie maji. Vimiminika hivi ni vyepesi kuliko maji, vinaelea juu yake vikiwa vinawaka, na maji yanausukuma moto kwenda usipokuwepo. Ukiwaka ndani ya chombo, kama bakuli au kopo, ufunike kwa mfuniko wa chuma au ubao mpana, kwa kuusogeza kutoka ubavuni, usiutupe kutoka juu. Usilibebe kopo linalowaka. Watu wengi wanaungua kwa kukimbia nalo kulitoa nje. Linacheza mkononi, linamwagikia miguuni.

Mtungi wa kuzimia moto wa poda kavu unafaa, wa povu pia. Ng'oa pini, elekeza chini kwenye shina la moto badala ya miali, bana, fagia kushoto na kulia huku mlango uko mgongoni pako. Mtungi mdogo wa nyumbani unaisha kwa sekunde chache, 10 hivi. Moto ukiwa umeshazidi ukubwa wa ndoo ya taka, toka, funga mlango, piga simu zimamoto.

Asetoni pia tumia poda. Maji nayo hayafai.

#15 – mkemia_mkimya

Nisahihishe kidogo hapo mwisho, mkuu. Asetoni na spiriti zinachanganyika na maji kabisa, hazielei juu kama tapentaini. Maji mengi sana yanaweza kuzipunguza makali mpaka zikazimika. Maji kidogo ndiyo ya hatari, kwa sababu yanaongeza ukubwa wa dimbwi huku bado linawaka. Na povu la kawaida linayeyuka juu yake; kuna povu maalumu la vimiminika vya jamii ya alkoholi. Poda inafaa kwa zote, hapo uko sawa.

Spiriti ina jambo lake: mwali wake ni hafifu mno, mchana kwenye mwanga huuoni. Mtu anadhani jiko dogo la spiriti limezimika, anachukua chupa kulijazia, moto unapanda kwenye mkondo wa spiriti unaomiminika na kuingia chupani, na chupa inatema mwali kama bomba kuelekea kwa aliyekaa mbele. Huyo wa mbele ndiye anayeumia zaidi, mara nyingi ni mtoto aliyekuwa anatazama. Jiko likizimika, subiri lipoe kabisa hadi uliguse kwa kiganja, ndipo ujaze. Na moto wa kuni au makaa usichochewe kwa spiriti, thina wala petroli kutoka chupani.

#16 – fundi_msasa

Asante mwalimu, nimesahihishwa. Atakayesoma #14 asome na #15.

#17 – muuguzi_wa_zamu

Akiungua mtu: nguo ikishika moto asikimbie. Alale chini, ajiviringishe, afunike uso kwa mikono. Kisha maji ya bomba yanayotiririka, ya baridi ya kawaida, juu ya jeraha kwa dakika 20. Dakika 20 kwa saa, watu huacha baada ya mbili. Barafu hapana, dawa ya meno hapana, mafuta hapana. Vua pete na saa kabla hajavimba. Nguo iliyogandia kwenye ngozi usiing'oe.

Ikiingia jichoni, suuza kwa maji dakika 15 au zaidi kope zikiwa wazi, kisha hospitali.

Aliyemwagikiwa nguoni bila kuwaka bado ni mshumaa. Avue nguo hizo kwanza, mbali na jiko, ajioshe kwa sabuni.

Niongeze jambo ambalo wazazi hawapendi kulisikia. Vijana wananusa thina na gundi kwa makusudi ili walewe. Mvuke huu unaufanya moyo uwe mwepesi kuvurugika mapigo, na akishtuliwa au akikimbizwa wakati huo moyo unaweza kusimama. Imewahi kuua mtu mara ya kwanza kabisa aliponusa. Ukimkuta kijana wako katika hali hiyo, usimfokee wala kumfukuza. Mtulize, mtoe kwenye hewa safi, kaa naye, mpeleke hospitali. Mazungumzo yatafuata akiwa mzima.

#18 – brashi_pana

Nina maswali ya kazi sasa, maana nimeamua kubadilika. Barakoa ipi? Glavu zipi? Na thina iliyotumika kuoshea brashi nimwage wapi? Huwa naimwaga chooni.

#19 – fundi_msasa

Mkuu, nianze na la choo, hilo liache leo leo. Thina haiishi ukiimwaga. Inaelea juu ya maji ya bomba la taka, mvuke unakaa kwenye mabomba na kutembea mpaka kwa jirani. Mwaka 1981 huko Louisville, Marekani, kiyeyushi kiitwacho heksani kilivuja kutoka kiwandani kikaingia kwenye mifereji ya maji taka. Alfajiri ya tarehe 13 Februari cheche kutoka kwenye gari lililopita juu ikakiwasha, na barabara za mitaa kadhaa zikapasuka. Guadalajara, Mexico, tarehe 22 Aprili 1992 ilikuwa petroli kwenye mifereji, na watu zaidi ya 200 walikufa. Najua kopo lako si kiwanda, ila bomba la choo chako ni jembamba, na nimeshawaonyesheni mililita 10 zinavyotosha kwa pipa zima.

Cha kufanya ni hiki, na kinakuokolea thina pia. Mimina thina chafu kwenye mtungi wa kioo au wa bati, funga, iache siku mbili tatu. Rangi inatuama chini. Mimina ile safi ya juu kwenye chombo kingine kilichoandikwa, uitumie tena kuoshea. Mimi mtungi mmoja naurudia mara nyingi. Tope la chini likusanye kwenye kopo lililofungwa na ulipeleke panapopokelewa taka za kemikali.

Barakoa ya vumbi, ya karatasi au ya kitambaa, haizuii mvuke hata kidogo. Inayozuia ni yenye vichujio vya makaa kwa ajili ya mivuke ya kemikali. Vichujio hivyo vinashiba. Ukianza kusikia harufu ndani ya barakoa, vimekwisha. Navyo havikuzuii kulipuka, kwa hiyo dirisha bado lifunguliwe. Fungua pande mbili, na ukiweza mlango, kwa sababu upepo wa kufagia chini ndio unaohitajika. Kama unaweka feni, isiwe ndani ya mvuke ikiunyonya kupitia mota yake. Iweke ikisukuma hewa safi kuingia.

Glavu zile nyembamba za buluu za nitraili asetoni inazipenya kwa dakika chache, wakati mwingine chini ya hapo. Kwa asetoni zinafaa za mpira wa butili. Ukiwa na nitraili tu, zibadilishe mara zinapolowa.

Chombo: asetoni inayeyusha kikombe cha povu kwa sekunde, na vikombe vingi vya plastiki ngumu vinapasuka au kulegea. Tumia kioo, bati, au chombo ilichokuja nacho. Kopo lililokaa juani lina shinikizo ndani, hasa la asetoni ambayo inachemka kwa nyuzi 56 tu. Lipeleke kivulini lipoe, kisha fungua taratibu, uso ukiwa mbali.

#20 – dada_wa_kucha

Kwenye lebo ya chupa yangu kuna alama ya mwali ndani ya umbo la almasi lenye mpaka mwekundu, na namba H225. Nayo ni nini?

#21 – mkemia_mkimya

Alama hiyo ni ya kimataifa: kinachowaka. H225 ni daraja la vimiminika vinavyowaka kwa urahisi sana pamoja na mvuke wake, vile vinavyoanza kutoa mvuke wa kuwaka chini ya nyuzi 23. H226 ni daraja linalofuata, la nyuzi 23 hadi 60. Tapentaini iko humo. Ukiona H304, ni lile alilosema muuguzi, kikimezwa na kuingia njia ya hewa kinaweza kuua. Namba nne zenye UN mbele ni za usafirishaji: 1090 asetoni, 1263 rangi na thina yake, 1299 tapentaini. Ukipiga simu zimamoto na kuwasomea namba hiyo, wanajua waje na nini.

Na dada, asetoni isichanganywe na dawa ya klorini ya kufulia. Zikikutana hutengeneza klorofomu na gesi nyingine za sumu. Usifute sinki kwa kimoja mara tu baada ya kingine.

#22 – mama_wa_mapacha

Mrejesho. Baba watoto amesoma. Tumeingia stoo pamoja tukakuta madebe matatu ya zamani ya thina yaliyokuwa ya fundi aliyejenga nyumba, hayana mifuniko, yamekaa karibu na pampu ya maji ambayo inajiwasha yenyewe. Hatujagusa kitu. Tufanyeje?

#23 – fundi_msasa

Mmefanya vizuri kutogusa, mama. Fuateni mpangilio huu.

Umeme wa pampu ukatwe kwenye swichi kuu ya nyumba, ikiwa iko mbali na stoo. Kama swichi iko humo humo stoo, msiiguse. Fungueni mlango na acheni upepo upite muda mrefu kwanza. Simu na tochi ziachwe nje, fanyeni kazi mchana. Watoto wawe kwa jirani.

Kisha mtu mmoja aingie, ayatoe madebe moja moja bila kuyaburuta, maana bati likikwaruza sakafu linaweza kutoa cheche. Yawekwe nje kivulini, mbali na jiko na nyumba, midomo ikiwa wazi. Kama lina kimiminika ndani, lifunikwe. Msiyachome, msimpe mtu wa kuchomelea, msiyageuze ya maji. Ulizeni idara ya taka au kituo cha zimamoto cha kwenu wanayapokea wapi.

Pampu msiiwashe mpaka stoo imekaa wazi na harufu imekwisha, na anayeinusa awe mtu aliyetoka nje muda huo huo, ainame hadi sakafuni.

#24 – mama_wa_mapacha

Pampu imekatwa kwenye swichi kuu, iko upande wa pili wa nyumba. Madebe mawili ni makavu, la tatu lina kama kikombe kimoja chini, limefunikwa na sahani ya bati na jiwe juu. Mlango wa stoo uko wazi tangu saa nne asubuhi. Zimamoto wamesema watakuja kuyachukua kesho.

#25 – fundi_kuchomelea

Mama, ukishayakabidhi tuambie. Nitakuwa nauangalia uzi huu.